Lantana, ua la mpakani linaloua ng'ombe

NA MWANDISHI WETU

Dalili ya kwanza ni ng'ombe kukimbia jua. Wenzake wakiwa malishoni asubuhi, yeye amejibanza chini ya mwembe, kichwa kimeinama, masikio yamelegea, majani yaliyo mbele yake hayagusi. Ukimwekea mkono ubavuni upande wa kushoto, husikii tumbo likisukasuka. Kinyesi kimekuwa kidogo na kigumu. Ukimfunua jicho, sehemu nyeupe imeingia umanjano.

Katika vijiji vya Busia, upande wa Kenya na wa Uganda, na vya jirani Tororo, jina linalokuja mdomoni haraka ni ndigana. Wafugaji wana sababu. Ndigana baridi, ugonjwa unaoletwa na kupe, nao huleta umanjano machoni na kukausha kinyesi. Basi anaitwa mtu wa kudunga sindano, fedha inatoka, na ng'ombe anarudishwa nje kwenye jua lile lile analolikimbia.

Siku mbili tatu baadaye pua inakuwa nyekundu, inavimba, inapasuka. Mabaka meupe mgongoni na kwenye kiwele yanachubuka na kutoa maji, ilhali ngozi nyeusi iliyo kando yake ni nzima kabisa.

Hapo ndipo kupe anapoondolewa lawama. Kupe hachagui rangi ya ngozi, jua ndilo linalochagua. Na kilichomfanya ng'ombe aunguzwe na jua la kila siku mara nyingi kimesimama hatua chache kutoka zizini, kimepandwa na binadamu, na kina maua mazuri kuliko kitu chochote kingine bomani. Ni lantana.

Mgeni aliyeingia kwa mlango wa bustani

Asili ya lantana ni nchi za joto za Amerika. Waholanzi waliipeleka Ulaya katika karne ya 17, watunza bustani wakaipenda, wakaichanganya aina kwa aina ili wapate rangi mpya. Mwaka 1753 Carl Linnaeus aliiandika kwa jina linalotumika hadi leo, Lantana camara. Safari za wakoloni zikaisambaza Asia, Australia na Afrika, na huku kwetu ikapokewa kama ua la kupamba na ua wa kuzungushia boma.

Waganda huiita kayukiyuki, Wajaluo nyabend winy. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limeiweka katika orodha yake ya viumbe 100 wavamizi wabaya zaidi duniani.

Mkulima wa Busia akiulizwa gugu baya ni lipi, atataja kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama. Kayongo anamwona kwenye debe siku ya mavuno. Lantana haikai katikati ya shamba. Inakaa pembezoni: kando ya barabara, kwenye mipaka ya mashamba, kwenye kingo za mto Sio na mto Malaba, kwenye viwanja ambavyo wenyewe wamehamia mjini. Hasara yake inaandikwa kwa jina la ugonjwa mwingine, kwa hiyo hakuna anayeihesabu.

Shika tawi kabla ya kutazama ua

Watu wengi huitambua lantana kwa maua. Maua hayatoshi, kwa sababu kuna wakati hayapo, na kwa sababu rangi zake hubadilika. Aliyezoea kuitambua huanza na shina.

Tawi changa lina pembe nne. Lizungushe kati ya vidole viwili na utazihisi hata ukiwa umefumba macho. Fanya taratibu, kwani juu ya pembe hizo kuna miiba midogo iliyopinda kuelekea chini, inayomwachia mtu akiingia kichakani na kumkamata shati akitaka kutoka. Shina kuukuu huwa la mviringo zaidi, la kijivu, na hukauka likawa kuni nzuri.

Majani hukaa mawili mawili, yakitazamana, na kila jozi hukingamana na jozi iliyo juu yake. Jani ni pana chini, limechongoka nchani, na kingo zake zina meno meno. Pitisha kidole upande wa juu: linakwaruza kama msasa. Likifikichwa hutoa harufu kali inayobaki kwenye vidole hata baada ya kunawa.

> Rangi ya ua hubadilika. Shina la pembe nne, miiba na majani ya jozi hubaki pale pale, mvua au kiangazi.

Sasa ndiyo tutazame ua. Kichwa chake ni bapa, kipana kidogo kuliko mdomo wa chupa ya maziwa, kimejaa vijiua 20 hadi 40. Vya ukingoni hufunguka kwanza, vya katikati baadaye. Kijiua hufunguka kikiwa cha njano, kisha kikizeeka hugeuka rangi ya machungwa, chekundu au cha waridi, kutegemea aina. Kwa hiyo kichwa kimoja huonyesha rangi mbili au tatu kwa wakati mmoja, njano katikati na rangi iliyokolea pembeni.

Matunda nayo hukaa kwa vichala. Yakiwa mabichi ni ya kijani na magumu. Yakiiva huwa meusi yenye uzambarau na hung'aa. Mmea mmoja uliokomaa unaweza kuzaa hadi matunda 12,000 kwa mwaka. Ndege huyala, huruka, na kuzipanda mbegu popote watakapotua, Uganda au Kenya, bila kupita kwenye kituo cha pamoja cha forodha.

Kuna imani kwamba lantana ya maua mekundu ndiyo yenye sumu na ya waridi haidhuru. Imani hiyo ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ni hatari. Kwa karne kadhaa watunza bustani wamezalisha mamia ya aina, na nguvu ya sumu inatofautiana kati ya aina na aina. Nyingi za maua mekundu zimethibitika kuwa kali. Lakini hakuna mfugaji anayeweza kusimama mbele ya kichaka cha waridi akaapa kuwa hicho ni salama.

Ndugu asiye na hatia

Tatizo kubwa la utambuzi huku kwetu ni kwamba lantana ina ndugu anayefanana nayo. Lantana trifolia imekuwepo nyikani Afrika Mashariki bila kusumbua mtu, na watoto wanaochunga wanaijua kwa matunda yake laini ya zambarau, wanayoyachuma na kuyala njiani.

Ndugu huyu kwa kawaida hutoa majani matatu kwenye pingili moja badala ya mawili. Hana miiba. Maua yake ni ya zambarau iliyofifia au ya waridi, na kichwa chake hurefuka kwenda juu kadiri matunda yanavyokomaa, ilhali kichwa cha lantana yenye sumu hubaki bapa. Mara mojamoja trifolia hutoa majani mawili, na mara mojamoja camara huwa na miiba michache mno. Kwa hiyo alama moja haitoshi kutoa hukumu. Tazama shina, miiba, majani na tunda kwa pamoja.

Hili lina uzito wake. Kampeni ya kung'oa ikija kijijini na agizo la jumla la "ondoeni lantana", wa kwanza kufyekwa ni yule asiye na miiba, kwa kuwa ni rahisi kumshika. Mwenye miiba hubaki pale pale, ameondolewa mshindani.

Mkoa huu umeshaonja gharama ya mmea usiotambuliwa. Machi 2019, Karamoja, kaskazini ya Tororo, watu karibu 300 waliugua na watano wakafariki baada ya kula unga wa msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Uchunguzi ulikuta ndani yake sumu ya muranha, gugu ambalo mbegu zake huweza kujichanganya na soya. Muranha si lantana, wala hawana undugu. Lakini mbegu zile zilipita kwenye mikono na mashine nyingi, na hakuna aliyezitambua hadi zikafika kwenye sufuria.

Na watoto wakila matunda ya lantana yenye miiba? Mwaka 1964 madaktari wa Florida, Marekani, waliripoti watoto waliougua sana kwa kula matunda mabichi. Utafiti wa baadaye, wa California mwaka 2010, ulipitia kumbukumbu za watoto wengi waliowahi kuyala na kukuta kwamba walio wengi hawakupata madhara makubwa. Mzazi asipige kelele za kilio, lakini pia asimwachie mtoto achume ya kijani. Akitapika, kulegea au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali pamoja na tawi la mmea aliokula.

Ini linapoziba

Sumu ya lantana imo kwenye majani na matunda, na inaitwa lantadeni. Kazi yake ni kwenye ini: inasimamisha vijia vinavyopitisha nyongo. Nyongo inarudi kwenye damu, na huo ndio umanjano unaoonekana machoni na kwenye ufizi.

Kinachofuata kinashangaza. Majani yoyote ya kijani yakimeng'enywa katika tumbo la kucheua huacha mabaki ya ile rangi ya kijani, na ini lenye afya huyatoa kupitia nyongo. Ini likiziba, mabaki hayo huzunguka na damu hadi kwenye ngozi. Jua likiyapiga, yanaunguza kutoka ndani. Ngozi nyeusi ina kinga, nyeupe haina. Maana yake ni kwamba hata nyasi nzuri anazoletewa mgonjwa kwa huruma zinamzidishia moto iwapo amefungwa juani.

Tumbo nalo hulala. Lantana iliyobaki ndani haisogei, inaendelea kutoa sumu siku baada ya siku, na ini halipati nafasi ya kupona. Ng'ombe aliyekula nyingi anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Wengine hukonda kwa wiki mbili au tatu ndipo wafe, wakati mwenyewe ameshasahau walilishwa wapi.

> Sindano ya ndigana haifungui ini lililozibwa na lantana.

Tiba ipo, ila inataka haraka. Mgonjwa awekwe kivulini kabisa, apewe maji ya kutosha, na daktari wa mifugo amnyweshe mkaa maalumu wa dawa unaoshika sumu tumboni. Kipimo kinachotajwa na wataalamu ni takriban gramu 5 kwa kila kilo ya uzito. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji kilo moja na robo. Makaa ya jikoni hayafanyi kazi hiyo. Wengine hutumia udongo wa bentonaiti, ulio nafuu, ingawa hufanya kazi polepole zaidi.

Ng'ombe aliyezaliwa penye lantana kwa kawaida huinusa na kuipita. Anayeumia ni mgeni aliyenunuliwa mnadani, mwenye njaa ya kiangazi, au yule aliyefungwa kamba fupi kando ya ua na hana kingine cha kufikia. Anaumia pia ng'ombe wa kisasa wa maziwa anayefugiwa ndani na kuletewa majani yaliyofyekwa kandokando ya barabara na kijana asiyejua anafyeka nini. Tangu ugonjwa wa kudumaza majani ya nepia uingie magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda, majani ya kuokoteza yameongezeka kwenye mahori. Na wengi wa ng'ombe hao wana damu ya Friesian, yaani mabaka meupe.

Nyumba ya mbung'o

Tororo ina sababu yake ya kipekee ya kuichukia lantana. Mji huo ulikuwa makao ya shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa malale ya watu na nagana ya ng'ombe, magonjwa yanayoenezwa na mbung'o, EATRO. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Uganda ilibaki na kituo cha Tororo, na Kenya ikaanzisha taasisi yake, KETRI, iliyokuja kuwa na kituo Alupe, nje kidogo ya mji wa Busia. Taasisi mbili zikawa zinamwinda mdudu mmoja kila moja upande wake wa mpaka.

Wakati huo huo malale yalikuwa yanarudi. Mlipuko ulianza Busoga mwaka 1976 na kufikia kilele mwaka 1980, mwaka ambao wagonjwa zaidi ya 8,000 waliandikwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ukawa umeingia Tororo, wilaya ambayo wakati huo iliijumuisha Busia ya Uganda. Wilaya ya Busia ilizaliwa mwaka 1997.

Kwa nini vijijini, mbali na mapori? Uchumi wa miaka ya Idi Amin ulikuwa umeangusha pamba na kahawa. Mashamba yaliachwa, na lantana ikayafunika hadi milangoni mwa nyumba. Chini ya kichaka cha lantana kuna kivuli, unyevu na ardhi laini, na mbung'o hahitaji zaidi ya hapo. Mwaka 1987 watafiti J. O. Okoth na R. Kapaata walichapisha utafiti kuhusu mahali mbung'o wa Busoga wanapopumzika, wakilinganisha vichaka vya lantana na mashamba ya kahawa na migomba. Mbung'o waliokuwa wakaazi wa mitoni walikuwa wamehamia uani.

Leo hali ni tofauti. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imetokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Nagana ya ng'ombe bado ipo, na mbung'o bado wapo.

Wanaoitetea

Lantana ina mawakili, na hoja zao si za kupuuza. Ua wa waya ni ghali, wa lantana ni bure. Mbuzi wa jirani hapiti, na mwizi akipita ataacha kipande cha suruali. Nyuki wanaupenda. Matawi yake makavu ni kuni. Wakulima wengi hutandaza majani yake juu ya viazi ghalani kufukuza wadudu.

Hoja nzito zaidi ni ya mbu. Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walichapisha matokeo ya majaribio ya Bagamoyo, Tanzania, ambako lantana ilipandwa kuzunguka nyumba. Mbu wa malaria walioingia ndani walipungua sana. Mtu wa Tororo hawezi kulichukulia hilo kwa wepesi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanasayansi walikadiria kwamba mkazi wa huko aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 562 kwa mwaka.

Kwa maoni yangu hoja hiyo inapungukiwa na jambo moja. Chandarua na dawa ya kupuliza ukutani vinamzuia mbu bila kumpa mbung'o makao wala ng'ombe sumu. Ua una mbadala pia, kuanzia mnyaa hadi kei, ingawa mnyaa nao una utomvu wa kuogopa machoni.

Wapo waliotaka wadudu waimalize kazi. Katika miaka ya 1960 kunguni mdogo anayefyonza majani ya lantana, Teleonemia scrupulosa, aliletwa Uganda. Huko Serere, Teso, aliila lantana vizuri, akazaliana, na majani yalipokwisha akahamia kwenye simsim. Habari hiyo ilifika hadi kwenye jarida la Nature mwaka 1967. Shambulio lilipoa lenyewe baadaye, lakini mwambie Mteso kwamba unamletea mdudu wa kula magugu, halafu usikilize atakachokuuliza kuhusu simsim yake.

Panga peke yake halitoshi

Lantana ni gugu la kudumu. Ukilifyeka huchipua kutoka kwenye kisiki likiwa na matawi mengi kuliko ya kwanza. Ukilichoma, moto hula juu na mzizi hubaki. Linang'olewa kwa jembe, shina na mzizi, ardhi ikiwa na unyevu, kabla matunda hayajaiva na ndege hawajafika. Baada ya hapo panahitajika kupandwa kitu mara moja, kwa sababu ardhi tupu hurudiwa na miche ya lantana msimu unaofuata. Desmodiamu na brachiaria, ambazo wakulima wengi wa Busia wamezizoea katika vita dhidi ya kayongo, hufunika ardhi na pia ni chakula cha ng'ombe.

Matawi yaliyong'olewa yasiachwe malishoni. Jani likinyauka halipotezi sumu, na ng'ombe anayeikataa mbichi anaweza kuila ikiwa imechanganyika na majani mengine makavu. Yarundikwe mbali, yakauke, yachomwe.

Asiyeweza kuung'oa ua wote kwa sasa aanze na upande unaopakana na zizi na sehemu anapofungia ng'ombe, na amwonyeshe anayemfyekea majani lile shina la pembe nne. Na ukiona ng'ombe wako mwenye mabaka amekimbilia kivulini, macho ya njano, pua nyekundu, mwache hapo hapo kivulini na umwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, ukimwambia kabla hajafika kwamba kuna lantana karibu.